Mwalimu Kefa na Sauti ya Mkwewe

Kabla hajaharibu, Mwalimu Kefa alikuwa mtu wa kusikilizwa. Jumapili akisimama kusoma pale kanisani Mahongole, kina mama waliokuwa wakibembeleza watoto walinyamaza, na watoto nao wakanyamaza. Wazee waliozoea kusinzia tangu wimbo wa kwanza walifumbua macho. Akisoma habari ya njaa, watu waliwaza maghala yao. Hakuwa mrefu, hakuwa na kifua cha kujivunia, na koti lake lilikuwa moja. Alichopewa na Mungu ni sauti, naye alijua hivyo, na hapo ndipo penye kisa.

Zama zile zilikuwa za Mwingereza, mwaka wa hamsini na sita unakwisha. Shule yake ilikuwa ya misheni, mpaka darasa la nne, kuta za matofali mabichi na paa la nyasi. Wanaume wengi wa huku walikuwa wamepakiwa kwenye malori pale Makambako kwenda kukata mkonge Tanga. Barua zao zikija, wake zao walizileta kwa Kefa azisome, si kwamba hapakuwa na wengine waliojua kusoma, ila walisema akisoma Kefa ni kana kwamba mume ameingia ndani na kuketi.

Mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Mahongole palikuwa na hospitali ndogo ya misheni, na mkuu wake alikuwa mama mmoja mzungu, Sista Margareth. Siku moja akaletewa kutoka kwao mashine ya kunasa sauti. Ilikuwa kama sanduku la safari. Ukilifunua, unakuta magurudumu mawili na utepe mwembamba wa rangi ya kahawia unaotoka gurudumu hili kwenda lile. Ilikula moto wa betri ya lori. Sista alikuwa na wagonjwa waliolala miezi, wa kifua na wa mifupa, wakihesabu mbao za dari. Wengi hawakujua kusoma. Akawaza: vitabu visomwe ndani ya mashine, kisha mashine iwasomee wagonjwa kila alasiri. Akamwuliza mchungaji nani anaweza.

"Kama ni kusoma," mchungaji akasema, "usisumbuke kutafuta. Ni Kefa."

Basi kila Jumamosi Kefa akawa anapanda baiskeli. Hakuna aliyetaja malipo, naye hakuuliza. Walisomea katika stoo ya mablanketi, maana Sista aliona kwamba chumba kitupu kinarudisha sauti kama kisima. Mablanketi yalitundikwa ukutani, mlango ukafungwa, Kefa akakaa kwenye kigoda mbele ya kidude cha chuma cha kusemea. Siku ya kwanza aliposikia mashine ikimrudishia maneno yake, alitazama nyuma yake.

"Huyu ni nani, Sista?"

"Ni wewe."

"Mimi siko hivi."

"Uko hivi miaka yote, Mwalimu. Sisi ndio tunaokusikia."

Akajifunza. Alijifunza kuzitoa kurasa kwenye pini zake na kuziweka moja moja juu ya kitambaa, zisikwaruze. Alijifunza kutokula njegere za kukaanga asubuhi ya Jumamosi, kunywa maji ya vuguvugu, na kumeza mate mwisho wa sentensi, si katikati. Jogoo akiwika nje, au lori likipandisha kilima kwa kulia, Sista aliinua mkono, wakangoja, wakarudia. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha mambo ya usafi, nzi na vyoo. Wodi ya wanaume ikasikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho, wakaomba warudiwe sehemu ya nzi. Kefa alisimuliwa hilo, akarudi Mahongole akiendesha baiskeli kwa mkono mmoja.

Kitabu cha pili ndicho kilichokuwa na bibi kizee.

Kilikuwa kijitabu cha hadithi: mjane bakhili, mbea, anayeficha chumvi chini ya kitanda na kuamua mambo ya nyumba za wenzake, mpaka mwishoni anapata shida na kutubu. Kefa alisoma kurasa sita, Sista akazima mashine.

"Mwalimu, bibi huyu na mwanawe wanasema sawasawa. Mgonjwa amelala, amefumba macho. Atajuaje nani anasema?"

Kefa akaona kweli. Akajaribu kumpa yule bibi sauti nyembamba. Ikawa kama ya mtoto. Akajaribu ya kukwaruza. Sista akatikisa kichwa. Mara ya tatu sauti ikaja yenyewe, kama mtu aliyekuwa mlangoni akingoja kuitwa. Ilikuwa ndogo, ya puani, na kabla ya kila sentensi ilivuta pumzi kwa mluzi mwembamba, kana kwamba maneno ni viazi vya moto na yanapozwa kwanza. Tena kila mara ilianza kwa kusema, "Nasema kidogo tu," kisha inasema mpaka jua linahama. Maneno hayo hayakuwamo kitabuni. Kefa aliyaongeza bila kuyatafuta.

Sista alicheka mpaka akavua miwani. "Umejifunza wapi hii?"

"Nimebuni tu, Sista," Kefa akasema.

Hakuwa amebuni. Ilikuwa sauti ya mama mkwe wake, mama wa mkewe Ema.

Hapa lazima ieleweke sisi huku tunavyoishi na mkwe, maana siku hizi vijana wanakaa na mama mkwe kwenye kiti kimoja wakila kutoka sahani moja. Zamani kwetu Wabena, mwanamume aliyeoa hakumtazama mama mkwe usoni. Hakutamka jina lake. Akimwona njiani, mmoja aliingia porini. Mama mkwe akija kumtembelea binti yake, alikaa jikoni, na mume wa binti alikaa nyumbani, na baina yao ukuta wa mianzi uliokandikwa udongo. Yule mama, jina lake Bibi Dorika, alikuja kwa binti yake kila mwaka baada ya mavuno, akakaa mwezi mzima. Kwa miaka kumi na moja Kefa hakuwa amemwona zaidi ya upindo wa kanga. Lakini jioni, akisahihisha madaftari, alimsikia. Aliisikia ile pumzi yenye mluzi, iliyotokana na jino la mbele lililong'oka zamani. Alisikia "Nasema kidogo tu," na Ema akicheka, na visa vya ndugu wote wa upande wa Njombe vikipita jikoni kimoja kimoja. Alimpenda mama yule kwa masikio. Ndicho alichopewa cha kumjua nacho, sauti peke yake, na ni kwa sababu ya heshima.

Sasa ikawa ndani ya utepe, kinywani mwa bibi mbea anayeficha chumvi.

Mtu anaweza kusema hakujua. Kefa mwenyewe alisema hivyo kwa muda. Lakini wiki tatu baadaye, kabla ya kitabu kupigwa wodini, Bibi Dorika aliteleza kijitoni na mtungi wake, akavunjika mfupa wa paja. Walimbeba kwa machela, kisha kwa lori la mbao, wakamlaza katika hospitali ile ile. Ema akawa anakwenda kumpikia. Kefa hakuweza kuingia kumtazama mkwe kitandani. Alituma unga na mkaa, akaacha baiskeli mbali na madirisha. Na Jumamosi ile Sista akamwambia, kwa furaha tu, "Jumatatu tunaanza hadithi ya bibi, katika wodi ya wanawake."

Kefa alikuwa ameshika usukani wa baiskeli. Alikuwa na nafasi ya kusema. Sista hakujua kwamba mgonjwa wa kitanda cha nne ni mkwewe. Angeambiwa, angepiga kitabu cha nzi. Kefa akawaza: sauti ya mashine si mtu. Akawaza: mgonjwa mwenye maumivu hasikilizi. Lakini chini ya mawazo hayo palikuwa na lingine, na baadaye hilo ndilo lililomnyima usingizi kuliko yote. Wanaume walikuwa wamempenda katika nzi. Alitaka wanawake nao wacheke.

"Vema, Sista," akasema, akapanda baiskeli.

Jumatano Ema alirudi kutoka hospitali na kikapu chake kimejaa. Aliketi kwenye gogo nje ya jiko, hakuvua mtandio. Kefa alitoka shuleni akamkuta hapo.

"Mama hakula?"

"Hakula."

"Mguu unamsumbua?"

"Mguu haumsumbui." Ema akatoa viazi kikapuni, akavipanga chini kimoja kimoja. "Mume wangu, nikuulize. Yule bibi wa kwenye mashine, ulimtoa wapi?"

"Kitabuni."

"Kitabuni kumeandikwa 'Nasema kidogo tu'?"

Kefa akahamisha madaftari kwapa la pili.

"Maana wodi nzima inasema hivyo sasa. Yuko mama mmoja wa kifua anaitwa Priska, ana mdomo huyo. Jumatatu mashine ikaanza, wote wanacheka, mama naye anacheka. Hakujijua. Mtu hajisikii mwenyewe. Ikafika jioni, mama akaomba maji. Akasema tu, 'Nasema kidogo tu, mwanangu, koo limekauka.' Priska akaketi kitandani akasema, 'Kumbe bibi wa chumvi tunaye humu humu.' Wakacheka mpaka muuguzi akaja. Wakamwomba aseme tena. Wanamwuliza chumvi ameficha kitanda kipi."

"Naye alisema nini?"

"Aliniuliza mimi. 'Huyu anayesoma si mume wako?' Nikasema ndiye. Akajifunika blanketi mpaka kichwani. Jana hajasema neno. Leo hajasema neno. Akitaka kitu ananyoosha kidole, na mkono mwingine ameweka hapa." Ema akaziba mdomo kwa kiganja, kuonyesha.

Kefa akatazama viazi.

"Ungemwingilia chumbani akiwa anaoga, ningejua la kusema," Ema akasema. "Ningesema ulikosea mlango." Akainuka, akaingia jikoni, na kwa siku nyingi baada ya hapo alimjibu yale tu yaliyoulizwa.

Kesho yake Kefa hakufundisha kipindi cha mwisho. Akaenda hospitali. Sista alimlaki mlangoni.

"Mwalimu, wanawake wamefurahi sana. Kuna mmoja hajacheka tangu aje, amecheka."

"Sista, naomba utepe ufutwe."

Sista akadhani hakusikia vizuri. Kefa akaeleza, macho yakiwa chini, jambo la mkwe, na la sauti, na la kitanda cha nne. Ilimchukua muda, kwa sababu kila sentensi ilimfanya aonekane mdogo kuliko ile iliyotangulia. Sista naye akawa mwekundu shingoni.

"Uliniambia umebuni."

"Nilikwambia hivyo."

"Hapa nitafuta leo," Sista akasema taratibu. "Lakini nakala imeshaondoka, Mwalimu. Tulinakili Jumanne kwa mashine ya mgeni wetu, ikaenda Njombe na lori la posta. Wa misheni ya huko waliomba. Na wao watawapa wengine."

Njombe ndiko kwao Bibi Dorika. Kefa alikaa kwenye ngazi za hospitali bila kujali anayemwona. Alijua vizuri sokoni pale nani angesikia wa kwanza na angemwambia nani.

Aliyekuwa mshenga wake wakati wa kuoa alikuwa Mzee Mika. Ndiye aliyepeleka majembe ya posa, na kwa desturi ndiye anayepeleka pia makosa. Kefa alimkuta akichonga mpini wa jembe, akamwamkia kwa Kibena, "Kamwene," akasimama kama mtoto aliyetumwa. Akasema yote. Mzee Mika alichonga mpaka mwisho wa habari.

"Kwa hiyo," akasema, "umekwenda kulala chini ya kitanda cha mkweo, umepiga makofi watu waje kukuona, sasa unaniuliza mlango uko wapi."

"Nimeleta kuku, mzee. Na jembe jipya."

"Nimeviona. Vizuri. Kuku ni wa mtu aliyemgusa mkwe kwa bega njiani bila kukusudia. Jembe ni la mtu aliyetamka jina kwa pombe. Wewe hukunywa."

"Sikunywa."

"Nikimpelekea kuku atapokea. Ni mama mwenye adabu. Ataniambia hana neno. Nawe utarudi kusoma, na wale wanawake bado watamwita bibi wa chumvi. Kuku atakuwa amekusaidia wewe."

"Nifanye nini basi?"

"Aibu hii umempa mbele ya watu au jikoni?"

"Mbele ya watu."

"Basi jikoni haiondoki." Akapuliza unga wa mti kwenye mpini. "Lakini sikutumi. Mimi nikiwa wewe ningeogopa. Wewe ni msomi, labda huogopi."

Kefa akaogopa siku mbili. Jumamosi, saa ile aliyozoea kuingia stoo ya mablanketi, alisimama kwenye baraza ya wodi ya wanawake, nje ya dirisha, kwa ruhusa ya Sista. Alilipa dirisha mgongo, asije akamwona mkwe. Mbele yake ulikuwa uwanja wa kupikia, ndugu za wagonjwa wakichochea masufuria. Nao wakaacha kuchochea. Ema alikuwa miongoni mwao. Kofia aliishika mikononi.

"Mimi ni Kefa, mwalimu wa Mahongole," akasema. "Ndiye mliyenisikia."

Akatamka hayo, na ile sauti iliyokuwa ikifumbua wazee macho ikaisha. Alijaribu kumeza mwisho wa sentensi, kama alivyojifundisha, mate hayakuwepo. Akakohoa, akaanza tena kwa Kibena, kwa sauti ya mtu yeyote.

"Yule bibi wa kwenye mashine ni mbea na ana choyo. Aliandikwa hivyo na mtu wa mbali. Sauti niliyompa si yake. Niliiba, kwa mkwe wangu, ambaye sikuwa na ruhusa hata ya kumtazama. Kwake sijawahi kusikia umbea wala choyo. Nyumbani kwangu hakuficha chumvi, aliileta. Nilijua yuko humu. Nilijua kitapigwa. Niliambiwa siku mbili kabla, nikanyamaza, nikataka mnicheke... mcheke, mnisifu. Aliyepaswa kuchekwa ni mimi. Mnicheke mimi."

Hakuna aliyecheka. Angefurahi kama wangecheka. Sufuria moja likafurika na kuzima moto, na hakuna aliyeinuka kulitazama. Ema alikuwa ameinamisha kichwa hata mtandio ukagusa magoti.

Kisha ndani, Priska, yule mwenye mdomo, akasema si kwa nguvu, "Mama, amesema ni mwizi. Tumjibu nini?"

Godoro likalia. Na sauti ikatoka, chini sana, imezibwa na kiganja, kiasi kwamba ule mluzi haukusikika kabisa.

"Mwambieni nimesikia. Aende, ana kazi zake."

Ni hayo tu. Hakutanguliza lile lake la 'Nasema kidogo tu.' Kefa akainama kuelekea uwanjani, maana hakuweza kuinama kuelekea dirishani, akashuka ngazi. Watu wakampisha njia pana, kama wanavyompisha mtu aliyebeba kitu kinachomwagika. Njiani mpaka Mahongole alikokota baiskeli. Hakujua kama amesamehewa. Alijua jambo moja: kwamba kiganja kile ni kazi yake.

Wodini hawakumtania tena mama yule. Hilo Ema alilithibitisha. Priska mwenyewe alikuwa akimlisha. Njombe ilikuwa habari nyingine. Utepe ule ulizunguka mwaka mzima, na kuna waliomsifu Kefa kwa barua, na barua hizo alizichoma bila kuzimaliza. Sista aliomba asome kitabu cha tatu, kisicho na bibi wala kizee yeyote. Kefa akajibu kwamba kifua kinambana. Kanisani aliendelea kusoma kwa sababu mchungaji alikataa kumwachia, lakini alisoma kama karani anayesoma majina, na wazee wakarudia usingizi wao.

Mfupa ulipounga, Bibi Dorika hakuweza safari ya kurudi Njombe, akaletwa kwa binti yake Mahongole kukaa mpaka apate nguvu. Mzee Mika alikuwa amepeleka kuku na jembe, vikapokelewa kwa shukrani. Kila jambo lilikuwa sawa kwa mtu anayetazama. Lakini jioni Kefa alipokaa na madaftari yake, upande wa pili wa ukuta wa mianzi palikuwa na mlio wa vijiko, na Ema akizungumza peke yake, na kimya mahali pa kujibiwa. Mama akitaka maji, aligonga kikombe kwa ukucha. Ilikuwa hivyo wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Kefa akaanza kubaki shuleni mpaka giza linaingia, ili nyumba ipate saa chache bila masikio yake.

Siku moja ya mwezi wa sita, baridi kali, sakitu, umande ulioganda, haijayeyuka kivulini hata saa sita, watoto wengi hawakuja shule. Kefa akawaachia waliokuja, akarudi nyumbani mapema. Alikuwa amefika kwenye ua wa nyuma ya jiko, mkono uko kwenye kizuizi cha ua, aliposikia. Bibi Dorika alikuwa akiwasimulia wajukuu zake, watoto wa Kefa. Alisema kwa sauti yote, bila kiganja, pumzi inapiga mluzi, watoto wanacheka, na Ema naye, Ema ambaye Kefa hakumsikia akicheka tangu Novemba. Kilikuwa kisa cha shangazi mmoja na mbuzi aliyeingia kanisani. Kefa hakuwahi kukisikia. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza anamshika mbuzi mkia.

Angeweza kusimama hapo. Ua ulikuwa mrefu, hakuna aliyemwona, na miguu yake iliganda ikitaka kubaki. Mbuzi yule angefanya nini, hakujua.

Akaondoa mkono kwenye kizuizi polepole, kisilie. Akageuka, akapanda njia ya miti ya miwati aliyojia, hatua baada ya hatua, akisimama kila baada ya chache kujipima masikio. Akiona bado anasikia, alipanda tena. Alipofika mahali ambapo upepo tu ndio uliokuwa ukisema, akaketi juu ya jiwe, akaingiza mikono makwapani kwa baridi, akangoja jua lishuke.